Nyota Tano za Barabara ya Tisa

Kila jioni, saa moja ikikaribia, jiji zima la Dodoma lilisema kwa sauti ya Kidawa.

Ilianzia kwenye mafriji, ikafuata kwenye viyoyozi, mashine za kufulia, pasi zinazonyoosha nguo zenyewe, mabirika, mafeni, mpaka pampu za maji juu ya mapaa. Kila chombo kilikuwa na kibao cha ukubwa wa kiganja kilichobandikwa usoni, na kwenye kibao hicho ziliwaka nyota: moja kwa chombo kinachokula umeme kwa pupa, tano kwa chombo chenye adabu. Nyota zikishatulia, kibao kilitoa hukumu ya siku. "Hongera. Leo umepata nyota tano." Au, mambo yakiwa mabaya, "Leo tumeteleza kidogo. Kesho tujitahidi." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, yenye lafudhi ya Tanga ambayo miaka yote ya Dodoma haikuweza kuifuta. Aliyepita barabarani wakati ule aliisikia ikitoka dirisha hadi dirisha, ghorofa hadi ghorofa, na watoto waliiga wakicheka.

Mwenye sauti yake, Mhandisi Kidawa Semboja, mara nyingi wakati huo alikuwa kwenye lifti na mfuko wa mkate mkononi. Akifungua mlango wa nyumba yake alikaribishwa na yeye mwenyewe. "Hongera," friji lilimwambia. "Hongera," pasi ikadakia. "Hongera," kikasema kiyoyozi ambacho hakikuwa kimewashwa tangu juzi. Naye alijibu kwa msonyo, akavua viatu, akala mkate wake amesimama.

Sauti hiyo hakuitoa kwa kupenda sifa. Wakati vibao hivyo, lebo hai kama vilivyoitwa, vinaundwa, Kituo cha Vipimo kilikodi watangazaji, na kila mmoja wao alilifanya friji liseme kama stesheni ya treni. Mkurugenzi akachoka. "Hebu sema wewe, Mhandisi, tumalize." Kidawa alikuwa na njaa, mawazo yake yako kwenye wali. Akazisema sentensi mbili, akaenda zake kula. Sasa sentensi hizo zilikuwa zimeingia katika kila jiko la nchi, na hakuna aliyemuuliza tena kama anazipenda.

Lebo za zamani zilikuwa karatasi. Kiwanda kilipeleka friji maabara, likafungwa mlango katika chumba chenye joto lisilobadilika, ikahesabiwa litakula uniti ngapi kwa mwaka, likabandikwa nyota zake na kupelekwa dukani. Nyota zile zilimwambia mnunuzi jambo moja tu: friji hili, likilinganishwa na mengine ya ukubwa wake, linatumia vizuri kiasi gani. Wengi hawakuelewa hivyo. Waliona nyota tano wakanunua friji kubwa kama kabati la bi harusi, kisha wakashangaa uniti zinaishia wapi, na kumbe tarakimu iliyoandikwa chini ya nyota ilikuwa imewaambia kila kitu tangu dukani. Kidawa alilisema redioni mpaka koo likamkauka: nyota inakulinganishia, tarakimu ndiyo utakayolipia, soma zote mbili.

Kasoro kubwa zaidi ya karatasi ile ni kwamba maabara haina watu. Hakuna anayeacha mlango wazi huku anafikiria anataka nini, hakuna sufuria la maharage ya moto linalosukumizwa ndani. Lebo hai ilikuja kurekebisha hilo. Ilikaa mlangoni ikisikiliza mota, ikipima joto, ikijua mlango umefunguliwa mara ngapi na kwa muda gani, na kila jioni ikatoa nyota za maisha yenyewe. Saa za jioni, umeme unapogombewa, vyombo vyenye nyota chache ndivyo vilivyopunguziwa kwanza. Nchi ikaacha kukatikiwa umeme ovyo. Hilo Kidawa alijivunia, na alikuwa na haki yake.

Ofisini kwake ukuta mmoja mzima ulikuwa Ramani ya Nyota. Kila chombo nchini kilikuwa nukta, na kila nukta ilikuwa na rangi ya nyota zake. Wenzake waliitazama kwa mikoa. Kidawa, kila akipata nafasi, aliivuta mpaka Tanga, akaivuta tena mpaka Ngamiani, kwenye ile mitaa iliyonyooka inayoitwa kwa namba, akasimama Barabara ya Tisa. Pale kulikuwa na nukta moja aliyoijua. Lilikuwa friji la mama yake, Bi Mwantumu.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kwenda nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, halafu Ijumaa moja moja, halafu kazi zikaingiliana na akajiambia, si nukta ninaiona? Inawaka. Mama yupo, mzima, ametoa kitoweo, amerudisha maziwa. Friji lenyewe lilikuwa kuukuu, la milango miwili, na lebo hai ilipobandikwa lilipata nyota mbili, siku nyingine moja. Kidawa alimtania mama yake kwenye simu: "Mama, nyota zako naziona huku ofisini! Jana ulikuwa na moja tu. Kulikuwa na harusi?" Bi Mwantumu alicheka, na yeye akacheka, wakaagana.

Baada ya hapo nyota zikawa tatu. Kisha nne. Kisha tano, na tano hizo zikakaa hapo kila jioni bila kutikisika.

Aliyeunda lebo ile angepaswa kuelewa palepale. Lakini Kidawa alikuwa na hamu ya habari njema za kwao, na hamu ya namna hiyo inamfanya mtu aridhike na nusu ya anachokiona. Aliona mama anajitahidi. Akatabasamu peke yake mbele ya ukuta, akarudi kazini.

Aliyeshtuka ni Mkurugenzi, Mhandisi Mwaluko, mtu mrefu mwenye haraka.

"Hili friji la Ngamiani ni la zama zipi?" aliuliza, kidole chake kimegusa nukta ileile. "Haliwezi kupata tano. Limechezewa."

"Hilo ni la mama yangu, Mkurugenzi. Mama yangu hachezei lebo."

Mwaluko alimgeukia, na uso wake ukabadilika taratibu. "La mama yako? Basi nenda ukahakikishe. Kama nyota ni za kweli, Mhandisi, tumepata tulichokuwa tunakitafuta. Mwakani vyombo vya chini ya nyota tatu havitapewa umeme wa jioni kabisa. Watu watapiga kelele kwamba vyombo vyao ni vya zamani. Nitawaonyesha friji la mama yako. Kama kuukuu lile linapata tano, nani atabaki na kisingizio?"

Ilikuwa kumi la kwanza la Ramadhani. Kidawa hakusikia mengi baada ya neno "nenda". Tayari alikuwa anasikia jagi likigonga jagi.

Kwa maana alipokuwa mdogo, jioni za mfungo zote zilipita mbele ya friji lile. Mtaani kulikuwa na mafriji mengine, lakini mengi yalikuwa mabovu au yanasubiri uniti. La Bi Mwantumu lilikuwa zima, na mlango wake haukuwa na mwenyewe. Tangu alasiri watu walianza kuingia kwa hodi za juujuu. Kila nyumba ilikuwa na chupa zake za maji, na kila chupa ilifungwa shingoni kitambaa cha rangi ili zisichanganyike. Chekundu kilikuwa cha Mama Hiza wa nyumba ya pili, aliyeleta pia jagi la ukwaju na kuagiza lisilazwe. Cha kijani kilikuwa cha fundi cherehani, cha bluu cha mwalimu wa madrasa. Jua likikaribia kuzama wote walirudi kwa pamoja, wakasukumana jikoni, huyu anataka barafu, huyu anataka dawa yake ya macho, huyu hataki kitu ila amekuja kusikia habari. Mota ya friji ilinguruma bila kupumua. Kidawa alikaa sakafuni mbele ya ile karatasi ya zamani, akagusa nyota kwa kidole.

"Mama, mbona letu lina nyota mbili tu?"

"Mbili zinatutosha. Hebu funga mlango, barafu inayeyuka."

Uhandisi wake wote ulianzia kwenye swali lile. Na ndani ya treni ya sumaku, Morogoro ikiwa imeshapita dirishani kama mtu aliyeitwa ghafla, Kidawa alijiona ameshafika, anasukumana na watu jikoni, mkono wake umeshika barafu. Aliutamani ule msongamano. Dodoma hakuna aliyewahi kumsukuma jikoni kwake.

Alifika Ngamiani baada ya alasiri. Mapaa yote yalikuwa ya vigae vya jua sasa, na barabara imepakwa ile rangi inayorudisha joto juu, lakini nyumba zilikuwa zilezile na vibaraza vyake. Vibaraza vilikuwa vitupu. Alipiga hodi mlangoni kwao na ikamshangaza kwamba hodi ile imesikika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwa... Kidawa? Looo! Kidawa wangu! Mbona hukusema unakuja?" Bi Mwantumu alimshika mabega, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nazi. "Umekonda. Huko Dodoma hamli?"

"Tunakula, mama. Nimekuletea zabibu."

Alitoa mfuko wa zabibu akaelekea jikoni, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kishikio cha friji. Kishikio kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha khanga, fundo la kukaza. Kabla hajalifungua, mama yake alikuwa amemdaka kifundo cha mkono.

"Aa, hapana. Ziache mezani. Tutafungua mara moja tu, tukifuturu."

"Zitapata joto, mama."

"Zabibu hazifi kwa joto la saa moja."

Kidawa alicheka, akidhani ni utani. Mama yake hakucheka. Mwanamke huyu alikuwa amevaa khanga mpya kwa ajili ya jioni ya peke yake, jiko limefagiliwa, vyombo vimepangwa, na juu ya jamvi kulikuwa na sahani moja ya magimbi ambayo sasa aliiongezea ya pili. Friji halikunguruma. Lilikaa kimya ukutani, na kwenye kibao chake nyota tano ziliwaka kwa utulivu.

Akiwa amekuja kupima, alipima. Alitoa kifaa chake mfukoni, akakilaza ubavuni mwa friji, akasoma. Lebo haikuwa imechezewa. Mota ilikuwa ileile ya zamani, mipira ya mlango imechakaa kama ya friji lolote la umri wake. Nyota zilikuwa za kweli. Ila friji lile lilikuwa halifanyi kazi yoyote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kulifanyisha kazi.

"Mama, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wa chupa."

"Wako makwao," alisema Bi Mwantumu, akageukia uji.

Jua lilizama. Adhana ilianza msikiti wa Barabara ya Saba, na Kidawa akanyoosha mkono kwenye tende. Mama yake aliinua kidole. "Ngoja. Kidogo tu."

Wakangoja, tende mkononi. Kisha kutoka ukutani sauti ya Kidawa, changa zaidi kuliko alivyokuwa sasa, na yenye njaa ya mchana ule wa zamani, ilisema: "Hongera. Leo umepata nyota tano."

"Ahsante, mwanangu," alijibu Bi Mwantumu. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kile kibao. Alifungua fundo, akafungua mlango, akatoa jagi, akafunga, akafunga na fundo. Ndipo alipogeuka na kumwona Kidawa amekaa pale jamvini akimtazama, na uso wake ukaingia haya kama wa mtu aliyekutwa anaongea peke yake.

Kidawa aliirudisha tende sahanini.

"Mama, hiyo ni mashine."

"Kwani mimi nimesema ni nani? Sijawa mpumbavu. Najua ni mashine." Alikaa, akajipangia khanga magotini. "Lakini sauti ni yako. Hiyo sauti niliisikia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa zikiwa nyota chache, sauti hiyohiyo inaniambia nimeteleza. Usiku mzima neno hilo linanikaa hapa kifuani. Na wewe mwenyewe ulisema unaziona huko ofisini. Nikasema, watamcheka mwanangu. Mhandisi wa nyota, na mama yake ana moja."

"Nilikuwa natania."

"Nilijua unatania. Ila utani nao una lake ndani." Bi Mwantumu alimmiminia uji. "Basi nikawaambia wasije. Mmoja mmoja, kwa upole. Fundi akaelewa, mwalimu akaelewa. Mama Hiza nilimrudishia jagi lake mkononi. Hakugomba. Alisema tu, 'Sawa, Mama Kidawa,' akaenda nalo. Tangu siku hiyo akipita ananisalimia, ila hasimami."

"Mbona hukuniuliza, mama? Ungeniuliza tu kabla."

"Ningekuuliza lini?"

Hakulisema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Kidawa aliona aibu. Miezi ile yote alikuwa akitazama nukta ikiwaka na kujiambia mama ni mzima. Kumbe alikuwa akitazama nyumba inavyoishiwa na watu, na kila mmoja aliyetoka alikuwa ameongeza mwanga kwenye ukuta wake.

Alisogea jamvini mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama, nikueleze kitu nilichokosea mimi. Hii lebo nimeifundisha kuhesabu mlango. Haijui aliyefungua ni nani wala anataka nini. Niliiambia kila anayefungua ni hasara, ikaniamini. Na friji linalopata tano kirahisi kuliko yote ni lile ambalo hakuna anayeligusa. Langu la Dodoma linapata tano kila siku. Ndani kuna yai na chupa ya maji."

"Yai moja?"

"Moja."

"Masikini," alisema Bi Mwantumu, na haikujulikana anamhurumia nani.

"Na tena, friji tupu si friji zuri. Ukifungua mlango, hewa ya baridi yote inamwagika nje, linaanza upya. Likijaa chupa za maji, chupa zenyewe zinashika baridi. Hata wakikupunguzia umeme jioni, zitakaa baridi mpaka umeme urudi."

Mama yake aliligeukia friji. "Kwa hiyo zile chupa za watu zilikuwa zinanisaidia?"

"Zilikuwa zinakusaidia."

"Na mimi nikazifukuza." Alitingisha kichwa. "Lakini nyota zitashuka hata hivyo."

"Zitashuka. Mlango utafunguliwa mno."

"Na utaniambia nimeteleza."

Hapo Kidawa alielewa. Mama yake aliogopa hilo kuliko umeme kupunguzwa, kuliko barafu kuyeyuka.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Kidawa alivaa khanga ya mama yake akaenda nyumba ya pili. Mama Hiza alikuwa kibarazani anachambua mchele. Alikuwa amezeeka, lakini macho yake hayakuwa yamezeeka hata kidogo.

"Shikamoo Mama Hiza."

"Marahaba. Mhandisi mwenyewe! Sauti yako tunaisikia kila siku, tukadhani umebaki sauti." Aliendelea kuchambua. "Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja kuomba jagi."

"Jagi gani?"

"La ukwaju. Lile lisilolazwa."

Mama Hiza alichambua punje nyingine mbili tatu, midomo imebanwa. "Siku hizi nina friji langu. Hiza kaninunulia. Dogo, nyota nne."

"Lina barafu?"

"Lina barafu tele. Nikishaitengeneza nakaa nayo naitazama." Akaweka ungo chini. "Mama yako alinirudishia jagi langu mbele ya watu, Kidawa. Sikuwa nimemkosea."

"Hukumkosea. Niliyemkosea ni mimi. Alidhani nyota zile ni mimi ninayemsema."

Mama Hiza alimtazama, kisha akatazama upande wa ile nyumba. Aliingia ndani, akakawia, na Kidawa akasimama pale juani akidhani ameshaambiwa aende.

Alasiri hodi ilipigwa, ya juujuu, na aliyepiga akaingia bila kungoja jibu. Jagi lilikuwa na kitambaa chekundu shingoni, kipya, kimekatwa siku hiyo.

"Mama Kidawa, lisilazwe," alisema Mama Hiza.

Bi Mwantumu alikuwa amekaa. Alisimama, akafungua lile fundo la khanga, na safari hii hakulifunga tena. Kipande kile alikitupia begani. "Leta," alisema. Alilipokea jagi kwa mikono miwili, akalisimamisha kwenye rafu ya juu.

Hawakurudi wote. Fundi cherehani alikuwa amehamia Pongwe, na mwalimu wa madrasa alituma salamu kwamba ana friji lake na anashukuru. Lakini Mama Hiza hakuwa mtu wa kuficha habari, na kabla ya magharibi chupa zilikuwa zimejaa rafu ya chini, nyingine bila kitambaa, ukazuka ubishi wa chupa ipi ni ya nani. Jikoni pakawa hapapitiki. Mlango ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka. Mota ikaanza kunguruma, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa sauti ileile ya zamani, na Kidawa, mgongo wake umesukumwa ukutani na bega la jirani asiyemjua, alishika kipande cha barafu mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Nyota kwenye kibao zilizimika moja baada ya nyingine. Ikabaki moja.

Adhana ilianza. Watu walinyamaza, tende mikononi, na katikati ya ukimya ule friji likasema: "Leo tumeteleza kidogo. Kesho tujitahidi."

"Wee Kidawa!" Mama Hiza alidakia. "Hebu mjibu huyo mwenzako!"

Jiko zima lililipuka kwa kicheko. Bi Mwantumu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake usoni, anatafuta kitu, kama mtoto aliyevunja sahani. Kidawa alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia, akamshika mkono uliokuwa na tende.

"Hukuteleza, mama," alisema, kwa sauti ya kutosha mtu mmoja. "Hujateleza hata siku moja."

Bi Mwantumu aliitia tende mdomoni. Alitafuna polepole, macho yamejaa maji, kisha akageuka kumpigia kelele mtu aliyeacha mlango wazi.

Siku ya kuondoka Kidawa alichomoa kile kibao, akakishika kiganjani. "Naweza kuibadilisha, mama. Dakika moja tu. Ikipata nyota moja, iseme kitu kingine. Iseme, 'Mama, leo nyumba imejaa.' Sauti yangu hiihii. Unasemaje?"

Mama yake alikuwa anamfungia magimbi kwenye karatasi. Alifikiri kwanza.

"Usinirekodie," alisema. "Nipigie."

Dodoma, Mkurugenzi alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Friji halikuchezewa, iliandikwa, na halifai kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Lebo inahesabu mlango na haihesabu watu. Uniti zilezile zinazogawanywa kwa nyumba kumi si sawa na uniti za mtu mmoja na yai lake. Sheria isipitishwe kabla hilo halijarekebishwa. Na sauti yake, kwa heshima, anaomba iondolewe.

"Watu hawapimiki, Mhandisi," alisema Mwaluko.

"Vitambaa vya chupa vinahesabika, Mkurugenzi."

Mwaluko hakuelewa, na alisema atalifikiria. Ofisini pale neno hilo lilimaanisha muda mrefu.

Jioni ile Kidawa alifika nyumbani kabla ya wakati, akakaa sakafuni mbele ya friji lake, futari yake juu ya karatasi, akapiga simu Tanga. Huko jua lilikuwa limeshazama. Simu ilipokelewa katikati ya makelele.

"Mama? Hujambo, mama? Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kidogo, kuna mtu anataka barafu."

Simu iliwekwa mahali, labda juu ya friji lenyewe, kwani ngurumo ya mota ilimjaa Kidawa sikioni. Alisikia mlango ukifunguka. Alisikia chupa zikigongana, sauti ya Mama Hiza ikilalamikia mtu aliyelilaza jagi lake, kicheko, mlango ukibamizwa, ukifunguka tena. Alifumba macho. Kwa kuyasikia tu alijua nani amesimama wapi, na alijua mahali pake palipo, pale ukutani, ambapo sasa hapakuwa na mtu au palikuwa na mwingine.

"Hongera," friji lake lilisema nyuma yake, na pasi ikadakia, na kiyoyozi. "Leo umepata nyota tano."

Kidawa aliliziba kwa kiganja sikio lisilokuwa na simu.

"Kidawa? Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Usikate. Nampa huyu, halafu nakuja."

"Sikati," alisema Kidawa. Akanywa maji yake, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa friji uliokuwa umefungwa, akangoja.